Maji Yaliyoihama Malindi

Mwaka 1154, katika kasri la Mfalme Roger wa Pili kisiwani Sicily, mwanajiografia al-Idrisi alikamilisha kitabu chake cha kueleza nchi za dunia, na Malindi imo ndani yake. Anausifu kuwa mji mkubwa ulioko ufukweni, kwenye mlango wa mto wa maji matamu. Watu wake, anasema, ni wawindaji na wavuvi. Samaki wao huwakausha na kuwauza, na faida yao kubwa kuliko zote hutokana na chuma wanachochimba. Karne mbili hazijatimia, Abu al-Fida wa Hama huko Syria, akiwategemea waandishi waliomtangulia, aliongeza kwamba upande wa magharibi wa Malindi kuna hori kubwa ambamo mto utokao milimani unamwaga maji yake. Sasa ichukue ramani ya leo uitazame Malindi. Magharibi ya mji ni mitaa, mashamba na barabara iendayo Tsavo. Hakuna hori wala mlango wa mto. Sabaki, mto mkubwa pekee wa jirani, unaingia baharini kilomita kadhaa kaskazini, na anayetaka kuuona lazima atoke mjini aelekee daraja la njia ya Mambrui. Kama wanajiografia wale walisema kweli, basi mahali fulani katika historia ya mji huu maji yalikwenda zao, na ardhi ikakaa pale yalipokuwa.

Atatokea mtu aseme: mbona al-Idrisi hakukanyaga pwani yetu? Pingamizi hilo ni la haki. Al-Idrisi alikusanya habari kutoka kwa mabaharia na wafanyabiashara, akazipanga akiwa Sicily, na si ajabu majina yakachanganyika njiani. Wapo wataalamu wanaoona kwamba Malindi yake si hii ya leo bali ni Mambrui, iliyoko ng'ambo ya pili ya Sabaki. Hoja yao ina uzito. Kuanzia mwaka 2010 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Peking na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichimba Mambrui, wakakuta vipande vya kaure za China, sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, na mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma, chuma kile kile ambacho al-Idrisi alikitaja. Lakini angalia jambo moja. Mambrui nayo leo haiko kwenye mlango wa mto. Ukiiweka Malindi ya zamani kusini au kaskazini ya Sabaki, unabaki na mji uliokaa mdomoni mwa mto na sasa hauko hapo tena. Mji na mto waliachana. Kuachana huko hakuhitaji tetemeko wala ghadhabu ya sultani. Katika nchi tambarare ya mchanga na tope, mto unaobeba udongo mwingi hujizibia njia wenyewe, ukatafuta mdomo mwingine, na hori lililoachwa nyuma likajaa polepole mpaka mikoko yake ikakosa maji ya chumvi na watu wakaanza kulima.

Maneno 'hori lililofukiwa' humpeleka Mswahili moja kwa moja Unguja, na ni sawa, kwa sababu huko ndiko kuna mfano ulio wazi kuliko yote katika pwani nzima. Mji Mkongwe ulikuwa rasi. Mkono wa bahari uliingia kutoka kaskazini, karibu na Funguni na mtaa ambao nao, kwa kupatana majina, unaitwa Malindi, ukazunguka nyuma ya mji kuelekea Mnazi Mmoja. Maji ya bamvua yalipojaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa. Waliokaa upande wa pili waliitwa watu wa Ng'ambo, na palipovukwa pakaitwa Darajani. Katika karne ya 20, chini ya utawala wa Waingereza, hori lile lilijazwa kipande baada ya kipande, kwa sababu za afya, usafiri na hamu ya kupata ardhi ya kujengea. Mpaka leo Ng'ambo ni Ng'ambo ingawa hakuna maji ya kuvuka, na Darajani ni Darajani ingawa daraja halipo. Mvua kubwa za masika zinaponyesha, sehemu za chini za mji hufurika, maana maji hayaulizi ni lini barabara ilijengwa. Unguja wanajua nani aliwafukia hori lao. Mipango iliandikwa na ramani zikachorwa. Malindi hakuna hati ya namna hiyo, kwani aliyelifukia hori lake hakuwa na ofisi mjini. Alitoka mamia ya kilomita bara, akashuka na mafuriko. Ndiyo maana watu wa kaunti ya Kilifi, ambamo Malindi imo, huzungumzia uharibifu wa bahari kana kwamba wote huanzia ufukweni, kwenye hoteli, nyavu na taka. Nadhani hapo tunakosea, na kosa hilo linaweza kutugharimu mahori tuliyobaki nayo.

Ufuate Mto Sabaki uone. Juu kabisa unaitwa Athi, na vijito vyake huanzia miinuko ya Ngong, Kiambu na Nairobi yenyewe. Mto Nairobi, pamoja na kila kinachotupwa ndani yake, ni mmoja wao. Unapita chini ya Ol Donyo Sabuk, unashuka kati ya Machakos na Kitui, unaambaa na Yatta, unakutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, unakata mbuga ya Tsavo Mashariki, na unapoikaribia pwani ndipo unapopewa jina la Sabaki. Eneo linalomwaga maji yake humo linakaribia kilomita za mraba 70,000, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya Kenya nzima. Kwa hiyo mkulima anayelima mteremko usio na makinga maji huko Ukambani, lori linalochota mchanga katika kijito cha msimu, na mwenye ng'ombe ambaye malisho yamemwishia, wote wana mkono wao katika ghuba ya Malindi ingawa hawajapata kuiona bahari. Vipimo vilivyofanywa nyakati mbalimbali vinaonyesha kwamba katika miaka ya 1950 mto huu ulikadiriwa kupeleka baharini makumi ya maelfu ya tani za udongo kwa mwaka; kufikia miaka ya 1990 makadirio yalikuwa mamilioni ya tani. Hata ukikubali kwamba vipimo vya mwanzo vilikuwa hafifu, tofauti kati ya maelfu na mamilioni haiwezi kuelezwa kwa upungufu wa vifaa peke yake.

Isitoshe, bahari imeweka kumbukumbu yake. Tumbawe hukua kwa tabaka, mwaka kwa mwaka, kama mti unavyoongeza pete, na ndani ya kila tabaka hubaki alama ya maji ya mwaka ule. Udongo wa bara hubeba madini ya bariamu; ukifika kwenye chumvi huyaachia majini, na tumbawe huyameza pamoja na chokaa yake. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Dominik Fleitmann walichapisha matokeo ya kusoma tumbawe moja la Malindi lililoishi takriban miaka 300. Katika karne ya 18 na ya 19 alama ya udongo ilikuwa ndogo na tulivu, ikipanda kidogo miaka ya mafuriko na kushuka tena. Kuanzia mapema karne ya 20 ikaanza kupanda bila kurudi, na katika miaka ya 1970 ikafika juu kuliko wakati wowote uliotangulia. Huu ndio ushahidi ninaouheshimu kupita yote katika habari hii, kwa sababu tumbawe halina serikali ya kutetea wala kabila la kulaumu. Linasema tu kwamba mambo yalibadilika lini. Na tarehe hiyo inalingana na wakati walowezi walipotwaa ardhi nzuri za bara, wenyeji wakabanwa katika hifadhi za kikabila, na miteremko iliyokuwa ikipumzishwa ikalimwa na kulishwa mifugo pasipo kupumua.

Pana jambo jingine ambalo mvuvi wa Malindi analijua bila kusoma jarida lolote. Kusi ikivuma, maji mekundu ya Sabaki husukumwa kaskazini, kuelekea ghuba ya Ungwana. Kaskazi ikishika, mkondo hugeuka na tope kuja mjini. Bahati mbaya ni kwamba mvua za vuli bara hunyesha Oktoba hadi Desemba, na kaskazi huanza zikiwa bado zinanyesha, hivyo mzigo wa mafuriko hayo hauna pa kwenda ila kusini, juu ya ghuba ya Malindi na matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, ya kwanza nchini pamoja na ile ya Watamu. Matokeo yako mbele ya macho. Ufuo wa mji umeongezeka kuelekea baharini, na gati lililojengwa ili vyombo viegeshwe limezungukwa na mchanga, maji yakipwa yako mbali. Upande wa Mambrui upepo umeuchukua mchanga wa mto na kuutengenezea vilima. Kwa hiyo kufukiwa kwa maji ya Malindi si habari ya zama za al-Idrisi tu. Ni kazi ambayo bado inaendelea.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kawaida ya mito. Mito yote hubeba udongo, na miji yenye bandari imepoteza bahari yake tangu kale. Efeso, mji unaosomwa katika Biblia na kutajwa na Waislamu wengi wanapozungumzia Watu wa Pangoni, ulikuwa na bandari maarufu, na leo magofu yake yako kilomita kadhaa kutoka baharini kwa sababu mto wake uliijaza. Ni kweli. Lakini mfano wa Efeso unaniunga mkono. Mji ule ulijitahidi karne kwa karne kuchimbua bandari yake na haukufanikiwa, kwa kuwa udongo ulitoka milimani na dawa ilikuwa inawekwa mdomoni. Na neno 'kawaida' lina kipimo chake: tumbawe limetuonyesha kawaida ya Sabaki kwa miaka 200, kisha likatuonyesha kuachwa kwa kawaida hiyo. Wengine watasema kwamba ardhi iliyoongezeka ni neema. Swali langu ni, neema ya nani? Katiba ya mwaka 2010 inasema ardhi iliyoko kati ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma, lakini mchanga ukiinuka ukawa mkavu, uzio hufuata upesi. Mvuvi aliyekuwa akiegesha mashua yake karibu hupewa mwendo mrefu zaidi wa kubebea injini na samaki, na matumbawe yaliyokuwa yakivutia watalii hufunikwa vumbi la majini. Hoteli iliyopata ufuo mpana imepata pia maji mekundu ambayo mgeni hataki kuyaogelea.

Pingamizi zito zaidi ni lile la kukata tamaa: watu bara wameongezeka, lazima walime, na hakuna awezaye kuwazuia. Ningelikubali kama Machakos isingekuwapo. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliielezea wilaya ile kama nchi inayokufa, iliyochunwa ngozi hadi mwamba. Dawa waliyoichagua ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe, na mwaka 1938 maelfu ya Wakamba walishuka hadi Nairobi na kukaa huko kupinga, wakiongozwa na Muindi Mbingu, mpaka amri ile ikalegezwa. Miongo mitano baadaye idadi ya watu ilikuwa imeongezeka mara kadhaa, na bado watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha kwamba mashamba mengi ya Machakos yalikuwa yamekatwa matuta ya ngazi, miti imepandwa, na mmomonyoko umepungua badala ya kuzidi. Watu walifanya hivyo pale ardhi ilipokuwa yao kwa uhakika na mazao yalipopata soko. Vikundi vya mwethya, ambamo watu hukusanyika kwenda kulimiana, vilichimba matuta ambayo hakuna bajeti ya serikali ingeyalipa. Sidai kwamba Machakos imemaliza tatizo. Uchotaji wa mchanga unaokomba mito ya msimu ungenisuta. Ninachosema ni kwamba udongo unazuilika, na umewahi kuzuiwa na wakulima wa kawaida, kwa jembe.

Yapo pia maji ya chini ambayo hayaonekani kabisa, na hapa Gedi inafaa kutazamwa upya. Mji ule uliomo msituni, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, unajulikana kwa msikiti wake mkuu, kasri, na kaburi lenye tarehe inayolingana na mwaka 1399. Wageni hupigwa picha mbele ya matao na kuondoka. Wachache husimama penye visima. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, aliona kwamba kisima cha karibu na msikiti mkuu kilikuwa kimeongezwa kina, ishara kwamba maji yalikuwa yakishuka na watu wakiyafuata. Si sababu pekee ya mji kuhamwa mapema katika karne ya 17; vita na kuhamia Mombasa kwa mtawala wa Malindi mwishoni mwa karne ya 16 viliuondolea ukanda huu nguvu zake. Lakini mji usio na mto unaishi kwa kisima, na kisima kinapokimbiwa na maji, msikiti hauna udhu na jiko halina chungu. Kilomita chache kutoka hapo ni hori la Mida, ambalo nalo halina mto wa juu wa kudumu unaoliingia. Maji matamu yake hupenya chini kwa chini, kupitia mwamba wa matumbawe ya kale, na mikoko yake huyategemea. Kila kisima cha mashine kinachochimbwa kati ya msitu wa Arabuko Sokoke na Watamu kinachota kwenye mtungi uleule. Mida inaweza kukauka ladha yake bila hata chembe moja ya tope kuonekana, na hiyo ndiyo hatari ninayoiogopa zaidi, kwa vile hakuna rangi nyekundu ya kutustua.

Hori la Kilifi lina hali tofauti. Ni refu na lenye kina, na wanaovuka daraja lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991 huona maji ya buluu na kudhani yatadumu milele. Ukipita daraja kuingia ndani, hori hupanuka na kuwa Bahari ya Wali, na huko nyuma ndiko mito ya Rare na Ndzovuni inakomwagia tope lake, mbali na macho ya wapita njia. Mito hii inatoka ndani ya kaunti yenyewe, upande wa Ganze na Kaloleni, na kuelekea kaunti jirani ya Kwale. Hapa hakuna Nairobi ya kusingizia. Mikoko inayokatwa kwa mkaa na fito kwenye kingo zile ndiyo chujio la mwisho kabla udongo haujafika kilindini. Inayopandwa na vikundi vya vijana na akina mama ni kazi njema, lakini mche wa mkoko uliozikwa na tope kabla haujatoa mizizi hauchuji kitu.

Ndiyo maana nashauri jambo moja mahususi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeweka kamati za mabonde na vyama vya watumiaji maji, na bonde la Athi ni mojawapo ya mabonde hayo. Viti vya pwani katika kamati hizo visikaliwe na watu wanaokwenda kudai mabomba peke yake. Wawakilishi wa Kilifi wakikaa na wenzao wa Machakos, Makueni, Kitui na Nairobi, waweke mezani hesabu ya tope: tani ngapi zilipita chini ya daraja la Sabaki mwaka huu, na zilitoka mteremko upi. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 karibu na mahali ambapo Mto Thwake unakutana na Athi, litazuia sehemu ya udongo huo. Lakini udongo unaozuiwa na bwawa hulijaza bwawa, na hesabu ikirudi pale pale, mteremkoni. Pesa za matuta ya Makueni zihesabiwe kuwa pesa za bahari ya Malindi, na mvuvi wa Malindi awe na haki ya kuuliza zimetumikaje. Mvua za vuli zinaanza mwezi wa kumi. Kaskazi inazifuata nyuma.